Tandiko, Shogi na Safari ya Mwanafunzi

Mwezi jana mpwa wangu alinijia nyumbani jioni, akaketi ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekalia siafu. Msichana huyu husoma katika shule ya upili ya kutwa iliyo umbali wa kilomita 9 kutoka kwao. Mwanzoni mwa muhula nilikuwa nimemnunulia baiskeli, na sikukosa kujigamba kwa jambo hilo mbele ya dada yangu. "Mjomba," akaniambia huku akitazama sakafu, "kwa baiskeli nashukuru sana, lakini nitarudia kutembea." Nilipomdadisi hakuongeza neno. Mamake ndiye aliyenieleza baadaye: michubuko, na ganzi isiyomtoka hata vipindi viwili vya asubuhi vikiisha.

Kutembea kilomita 9 ni kazi ya takriban saa mbili. Kwa baiskeli, hata kwa mwendo wa kizee, dakika 40 zatosha. Tofauti hiyo, ukihesabu kwenda na kurudi, yazidi saa mbili kwa siku. Ndizo saa za kudurusu, za kuteka maji na za kulala. Na kwa msichana, ndiyo tofauti kati ya kupita njia ya miwa kukiwa kumekucha na kuipita gizani. Basi msomaji asidhani kwamba nazungumzia jambo dogo ninapozungumzia kipande cha ngozi na sponji.

Kosa lilikuwa langu. Dukani niliyabonyeza matandiko kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, kama mama achaguaye maparachichi sokoni, nikalichukua lile lililobonyea zaidi. Muuzaji alinisifu kwa kuwa na jicho. Lilikuwa pana, nene, laini kama mto wa kulalia.

Nikiwa mwanaisimu, naona haya kukiri kwamba nilipotoshwa na neno. Wengi wetu husema "kiti cha baiskeli", na neno kiti humjengea mtu picha ya starehe, ya mahali pa kutua uzito wote wa mwili. Lakini watu wa pwani walipomtayarisha punda kwa safari hawakumwekea kiti; walimtandika. Tandika ni kutandaza kitu juu ya kitu, na kilichotandikwa ni tandiko. Walikuwa pia na neno seruji, lenye asili ya Kiarabu, kwa tandiko la kupandia. Ajuaye kupanda hakai juu ya tandiko kama akaavyo kochini. Miguu hubeba sehemu ya uzito, mikono hubeba sehemu, na makalio hupewa kilichosalia. Laiti ningelifikiri kwa neno tandiko siku ile, nisingalitafuta mto.

Chini ya nyonga za kila binadamu kuna ncha mbili za mfupa, moja kila upande. Hizo ndizo zilizoumbwa kubeba uzito wa aketiye. Baina yake mna nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, ambayo haikuumbwa kwa kazi hiyo. Tandiko likiwa laini kupita kiasi, ncha zile huzama ndani ya sponji, nayo sponji huinuka katikati na kuibana mishipa. Ganzi ya mpwa wangu ilitoka hapo. Wala walimu wanaume wasicheke: mwaka 2002 watafiti wa taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini walichapisha uchunguzi kuhusu askari polisi wanaofanya doria kwa baiskeli, wakaonyesha kwamba shinikizo la pua ya tandiko linahusiana na upungufu wa nguvu za kiume. Mwenye ganzi asiivumilie kwa kudhani kwamba ataizoea.

Upana wa tandiko, basi, hupimwa kwa mifupa ya mpandaji, wala si kwa unene wake. Chukua kipande cha katoni chenye mikunjo ndani, kiweke juu ya benchi ngumu, ukikalie kwa dakika moja huku umeinama kidogo mbele. Ukiinuka utaona vishimo viwili. Pima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Kwa watu wazima aghalabu utapata kati ya sentimita 10 na 14, na wanawake, kwa wastani, huwazidi wanaume. Ongeza sentimita 2 hivi, na hapo una upana ufaao kwa mtu anayeinama. Anayepanda akiwa wima, kama tufanyavyo wengi kwenye zile baiskeli nzito nyeusi ziitwazo Black Mamba, ahitaji tandiko pana zaidi, kwa kuwa mikono yake haibebi mengi.

Hata tandiko bora huharibiwa na mwinuko mbaya. Weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukiisha kuuhamishia wayo mahali pake pa kawaida, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo itakiwavyo. Tandiko nalo lilale sawasawa. Pua iliyoinuka huumiza; iliyoinama humsukuma mpandaji mbele na kuchosha viganja. Spana moja na dakika kumi zatosha.

Yako matandiko ya ngozi pia, na hayo nayapenda kwa upendeleo nisiouficha. Kampuni ya Brooks, iliyoanzishwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1866, hadi leo hutengeneza tandiko ambalo ngozi yake imewambwa kati ya pua na nyuma kama ngozi ya ngoma, bila sponji. Mwanzoni ni gumu kama ubao. Baada ya miezi kadhaa hufuata umbo la mwenyewe, likawa lake na la yeye tu. Adui wake ni mvua. Watu walikuwa wakilifunika kwa mfuko wa plastiki. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku nchini mwaka 2017, kipande cha turubai hufanya kazi hiyo. Bei yake, hata hivyo, haimfai mwanafunzi, na wezi nao hulipenda kama nilipendavyo mimi.

Sasa mizigo. Mwaka 2003, nikiwa katika mazoezi ya ualimu karibu na Nambale, nilikuwa nikipanda baiskeli na mkoba wa karatasi za mtihani begani. Asubuhi moja nikachoka, nikautundika kwenye keria upande mmoja. Kamba yake ikaingia katika spoki za gurudumu la nyuma. Mimi nilianguka kwenye majani. Karatasi 43, ambazo nilikuwa nimekesha kuzisahihisha, ziliingia tope. Alama za nusu ya darasa hazikusomeka, na mwalimu niliyekuwa chini yake aliwaamuru watoto warudie mtihani. Mvulana mmoja aliyekuwa amepita kwa mara ya kwanza alianguka mara ya pili. Sijamsahau.

Ningekuwa na shogi, hayo yasingetokea. Shogi ni ule mfuko mkubwa wa ukili unaolazwa juu ya mgongo wa punda, ukining'inia pande zote mbili. Mfumaji wake aliyajua yale ambayo watengenezaji wa mifuko ya baiskeli huyarudia leo: uzito ugawanywe sawa, ushuke chini, wala usiyumbe. Mkoba wa mgongoni huuinua uzito juu na kuuongeza kwenye tandiko, yaani kwenye mifupa ile ile. Shogi ya baiskeli yaweza kushonwa kwa turubai au magunia mawili yaliyounganishwa kwa ukanda mpana upitao juu ya keria. Vitabu vizito vikae chini, karibu na mhimili wa gurudumu. Upande wa ndani utiwe kibao chembamba ili mfuko usivutwe na spoki, na ncha za kamba zifungwe zisibaki zikipepea. Keria yenyewe iwe imara. Zile za baiskeli za Buffalo, zinazotolewa kwa wanafunzi na shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, zimeundwa kubeba kilo 100. Nyingi za madukani hupinda kabla ya kufika robo ya hizo.

Tulikalisha katoni benchini, mimi na mpwa wangu, mamake akicheka. Sentimita 13. Tulipata kwa fundi tandiko kuukuu lenye springi, gumu kiasi, la sentimita 19, kwa bei ndogo kuliko ya ule mto wangu. Ni wiki ya tatu sasa na hajasema atatembea. Shogi aliishona mwenyewe kwa gunia la katani, ila aliifunga mbele mno na kisigino chake cha kulia huigonga kila pedeli inapozunguka. Jumamosi tutaisogeza nyuma kwa upana wa vidole vitatu.