Mwana Akichagua Sanaa: Tupambanue Kabla ya Kukataa

Tangu Januari 2026, kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi lilipoingia Gredi ya 10 nchini Kenya, swali jipya limebisha hodi katika nyumba zetu. Chini ya mfumo wa 8-4-4 mtoto alikwenda sekondari kwanza, masomo akayachagua baadaye. Sasa kijana wa Gredi ya 9, ambaye aghalabu ana umri wa miaka 14 au 15, hutakiwa kutaja mkondo wake mapema. Mikondo yenyewe ni mitatu: wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, wa sayansi za jamii, na wa sanaa na sayansi ya michezo. Makadirio ya serikali yalikuwa kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wataelekea mkondo wa kwanza, asilimia 25 wa pili na asilimia 15 wa tatu.

Ni huo wa tatu unaozusha mtafaruku. Kijana akitaja sayansi, wazee humwombea dua. Akitaja sanaa, nyuso hukunjana. Baba huuliza kama karo inalipwa ili mwanawe arudi mcheza ngoma. Mama hufikiri watu watasemaje. Shangazi hukata shauri kwamba mtoto amekimbia hisabati. Mazungumzo huishia hapo, na uamuzi hupitishwa na mtu asiyejua ndani ya mkondo huo mna nini.

Hatusemi kwamba hofu ya wazazi haina msingi, inao. Tunalosema ni kwamba hofu isiyopambanua haimlindi mtoto.

Mna nini ndani yake

Masomo ya mkondo huu ni manne: sanaa za uchoraji na kazi za mikono, muziki na densi, maigizo na filamu, na michezo na burudani. Mwanafunzi huchagua masomo matatu, na kwa kawaida mawili hutoka katika mkondo wake, la tatu laweza kutoka mkondo mwingine. Kiarabu na Elimu ya Dini ya Kiislamu vimo katika mkondo wa sayansi za jamii, kwa hiyo kuchagua sanaa hakumaanishi moja kwa moja kuyaaga masomo hayo.

Pamoja na hayo matatu, kila mwanafunzi husoma Kiingereza, Kiswahili au lugha ya ishara ya Kenya, na hisabati. Hapa wazazi wazingatie jambo moja: hisabati ya walio nje ya mkondo wa sayansi ni nyepesi kuliko ya wenzao. Kijana anayetamani udaktari au uhandisi asidanganyike kwamba atapitia sanaa kisha arejee huko. Hili ndilo la kumweleza kwa upole kabla hajachagua, wala si la kumtisha nalo.

Sanaa si mgeni kwetu

Wengine huzungumza kana kwamba sanaa imeletwa na mtaala. Historia ya pwani yetu yakanusha. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa wanakili wa misahafu waliopamba kurasa kwa nakshi za rangi. Milango ya nakshi ya Lamu, mji ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, ilichongwa na mafundi waliokaa miaka chini ya mafundi wenzao. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa nasaha, na hadi leo wasomi wa Kiswahili wanausoma. Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, ambaye mashairi yake yalibeba siasa za mji wake. Hawa hawakuwa watu wa pembeni, walikuwa watu wa jamii zao.

Hata ubishi tunaousikia leo si mpya. Habib Swaleh, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha mjini Lamu, alipoingiza matari katika Maulidi, wako waliompinga. Leo Maulidi ya Lamu huvuta wageni wa mbali, na pembeni mwake hufanyika mashindano ya khati na ya upambaji wa hina. Wapo pia Waislamu ambao mpaka sasa hawaafiki. Tunalitaja hili ili tuone kwamba wazee wetu waliikabili sanaa kwa hoja, na waliokhitalifiana waliendelea kuishi mji mmoja.

Mipaka ipo

Kupambanua maana yake ni kutoyatia masomo yote manne kapu moja. Katika muziki, wanazuoni wamekhitalifiana tangu zamani, hasa kuhusu ala. Familia ifuate mwanazuoni inayemwamini. Katika uchoraji, wengi wamekataza masanamu ya viumbe wenye roho, ilhali khati, nakshi, ususi na michoro ya majengo havina ubishi huo. Katika maigizo, swali kubwa ni kinachoigizwa, mavazi, na mchanganyiko wa wavulana na wasichana. Filamu nayo ni chombo: kamera inayopiga upuuzi ndiyo hiyo hiyo inayoweza kurekodi kumbukumbu za mafundi wa majahazi kabla hawajatutoka.

Tatizo halisi, basi, ni lile sharti la masomo mawili. Binti anayependa khati na nakshi hatachukua uchoraji peke yake. Atalazimika kuuoanisha na jingine. Mzazi asiyelijua hili hushtuka fomu zikiisha kurudishwa.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kusema ndiyo au hapana, tunashauri familia iulize manne. Kwanza, shule gani? Si kila shule ina mkondo wa sanaa. Nyingi zina miwili tu, wa sayansi na wa sayansi za jamii. Huenda mtoto akapelekwa bweni la mbali, na hapo swala, stara na chakula ni mambo ya kuuliza kabla ya safari. Pili, shule hiyo ina mwalimu wa somo hilo na vifaa vyake, au somo limeandikwa kwenye orodha tu? Tatu, ni kazi zipi za darasani zitakazopingana na dini, na je, mwalimu hukubali kazi mbadala? Mwalimu aliyeulizwa mapema kwa adabu husikiliza kuliko aliyevamiwa katikati ya muhula. Nne, baada ya Gredi ya 12 kijana ataelekea wapi: usanifu wa michoro, upambaji wa nyumba, ualimu, utangazaji, au hana habari bado?

Mtoto awepo maswali haya yanapoulizwa. Kijana aliyeona wazazi wake wakipima jambo kwa uadilifu hupokea hata jibu la "hapana" bila kinyongo. Aliyekatizwa kauli hukubali kwa mdomo, kisha huchora usiku kwa siri na kuwaficha wazazi mengine makubwa zaidi ya michoro. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Lakini anayekunja bila kutazama huvunja.

Na ikiwa baada ya yote familia itaona mkondo wa sanaa haufai, kipaji kisizikwe. Madrasa zetu zaweza kufungua darasa la khati siku za Jumamosi. Mafundi wa nakshi wangali hai, wala si wengi. Jamii inayowakataza vijana wake sanaa ya shuleni, nayo haiwafundishi ile ya kwake, itakuja kununua kwa wageni hata nakshi za mihirabu yake.