Tumpime Vipi Mkuu wa Ligi?

Msimu wa 2022–2023 wa Linafoot, ligi kuu ya Kongo, ulikatizwa bila bingwa kupatikana. Kwa shabiki wa Bukavu, au wa Katana kwenye barabara iendayo Goma, jibu la haraka ni kwamba viongozi wa ligi wameshindwa na waondoke. Huenda jibu hilo ni sahihi, ila halitufundishi kitu. Tukimwondoa mmoja na kumweka mwingine bila kujua kazi yake hasa ni ipi, mwaka unaofuata tutamlaumu naye kwa maneno yaleyale. Siku hizi fedha za televisheni ndizo zinazoamua nani acheze na nani, lini na saa ngapi. Katika hali hiyo, kiongozi wa ligi apimwe kwa kipimo gani?

Tuanze na kazi yenyewe. Mkuu wa ligi, awe anaitwa rais, mwenyekiti au ofisa mtendaji mkuu, hamiliki timu hata moja. Wachezaji si wake, uwanja si wake. Anachouza ni ahadi: kwamba timu kadhaa zitakutana kwa ratiba inayojulikana, zitafika uwanjani, na msimu utafika mwisho. Kituo cha televisheni kinanunua uhakika huo. Klabu kubwa kama TP Mazembe inaweza kuuza jezi zake peke yake, lakini haiwezi kuuza ligi peke yake.

Kwa kuwa bidhaa ni ya wengi, yapo mambo matatu ambayo wenye bidhaa wanapaswa kukubaliana kabla haijapelekwa sokoni: timu ziwe ngapi, fedha zigawanywe vipi, na anayetaka kutoka afungwe na nini. Hoja yangu ni kwamba mkuu wa ligi apimwe kwanza kwa namna alivyoyamaliza hayo matatu nyumbani, kisha ndipo tuutazame mkataba aliotia saini.

Kenya ndiyo inayoonesha jambo hili kwa uwazi zaidi katika eneo letu. Kampuni ya Kenyan Premier League iliundwa mwaka 2003, na wamiliki wake walikuwa klabu zenyewe. Baadaye SuperSport ya Afrika Kusini ikaingia kurusha mechi, na klabu zilizozoea kuishi kwa hisani ya wafadhili zikapata fedha za kutegemea. Ligi ilikuwa na timu 16. Shirikisho la soka la nchi hiyo, FKF, likataka ziwe 18. Mwaka 2015, Sam Nyamweya akiwa rais wa shirikisho, mvutano huo ulifika hadi ligi mbili kuanza sambamba kabla ya maridhiano kupatikana. Nick Mwendwa alimrithi mwaka 2016 akaishikilia hoja ileile ya timu 18, na msimu wa 2017 ukaanza kwa idadi hiyo. Mwaka huohuo SuperSport ikauvunja mkataba, upanuzi huo wa ligi ukiwa kiini cha ugomvi.

Je, kutaka timu 18 lilikuwa kosa? Si lazima. Ligi iliyojaa timu za miji michache inazinyima kaunti nyingine nafasi ya kuonekana, na shirikisho lina wajibu wa kuitazama nchi nzima. Lakini hesabu haina huruma. Fedha zilezile zikigawanywa kwa 18 badala ya 16, kila klabu inapoteza sehemu moja ya tisa ya mgao wake. Wakati huohuo mechi za msimu zinapanda kutoka 240 hadi 306, na kila timu inaongezewa safari mbili za ugenini. Mapato yanapungua na gharama zinaongezeka kwa uamuzi mmoja. Hayo yangejadiliwa kabla mnunuzi hajalipia bidhaa ya timu 16, mkataba ungeandikwa kwa idadi mpya au bei ingebadilishwa. Yalipokuja baada ya mauzo, mnunuzi aliondoka. Mwaka 2019 SportPesa, mdhamini aliyekuwa ameipa ligi jina lake, naye akajitoa baada ya kugombana na serikali kuhusu leseni na kodi. Mwaka 2020 uendeshaji wa ligi ukahamia FKF.

Ukiulizwa nani alaumiwe Nairobi, usikimbilie jina moja. Kampuni ya ligi ilikuwa na mkataba bila mamlaka ya kuamua idadi ya timu. Shirikisho lilikuwa na mamlaka hayo, lakini fedha za mkataba hazikuwa zake. Mwenye kalamu na mwenye rungu walikuwa watu tofauti. Basi kabla ya kumhukumu kiongozi yeyote wa ligi, uliza alikuwa na nguvu ya kuamua nini.

Swali hilohilo limezusha mabishano makali Marekani, ambako michezo ya vyuo vikuu huendeshwa na miungano inayoitwa konferensi, kila mmoja ukiwa na kamishna wake. Pac-12 ulikuwa muungano mkongwe wa pwani ya magharibi. Mwaka 2011, chini ya kamishna Larry Scott, ulisaini na ESPN na Fox mkataba wa miaka 12 wa takriban dola bilioni 3, na Scott akasifiwa sana. Akaanzisha pia chaneli inayomilikiwa na muungano wenyewe, lakini DirecTV, kampuni kubwa ya matangazo ya setilaiti, haikuibeba, na mapato yake yakabaki chini ya matarajio. George Kliavkoff alipoichukua ofisi hiyo Julai 2021, mkataba ulikuwa umebakiza miaka mitatu, na kifungo cha kisheria kilichowashikilia wanachama kilikuwa kinaisha pamoja nao.

Mwisho wa Juni 2022, USC na UCLA, vyuo viwili vikubwa vya Los Angeles, vilitangaza kuhamia muungano mwingine, Big Ten. Vilivyobaki havikukubaliana juu ya thamani yao, na mazungumzo na televisheni yakavutwa mwaka mzima. Wakati huo Brett Yormark, kamishna wa Big 12, muungano mshindani ambao mkataba wake wa televisheni ulikuwa unaisha baada ya ule wa Pac-12, aliwahi mezani na kusaini Oktoba 2022. Ofa ya Apple ilipofika kwa Kliavkoff katikati ya 2023, ikitegemea sana idadi ya watakaojiunga kulipia, Colorado ilikwisha kuondoka. Mapema Agosti wengine watano wakafuata, Stanford na California wakatoka mwezi uliofuata, na katika vyuo 12 vikabaki Oregon State na Washington State tu. Kliavkoff aliachia ofisi Februari 2024.

Wengi wanamtaja Kliavkoff kama aliyeuzika muungano wa zaidi ya miaka mia. Nadhani hukumu hiyo inampa peke yake mzigo wa wengi. Alirithi chaneli isiyolipa na wanachama waliokuwa karibu kuwa huru. Wakuu wa vyuo ndio waliokuwa na kura. Kosa lililo lake ni kwenda sokoni na watu ambao hawakuwa wamefungwa na chochote, na kuacha muda upite huku jirani akinunua nafasi. Scott naye, aliyepigiwa makofi siku ya saini, anahitaji kupimwa upya. Mkataba wa miaka 12 ulificha nyufa ambazo zilikuja kumwangukia mrithi wake.

Turudi kwetu. Mei 2021 Tanzania ilitangaza mkataba wa Azam Media wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, kiasi ambacho ligi nyingi za ukanda huu hazijawahi kukiona. Hata hapo mgao una historia yake: mwaka 2013, Azam ilipoanza kuonesha ligi hiyo, Yanga iliupinga mkataba, maana klabu yenye mashabiki wengi haikuona sababu ya kulipwa sawa na ndogo. England wanalijibu swali hilo kwa kanuni iliyoandikwa. Tangu Ligi Kuu yao ianze mwaka 1992, nusu ya fedha za televisheni za nyumbani hugawanywa sawa, robo hufuata nafasi kwenye msimamo, na robo hufuata mara ambazo timu imeoneshwa. Unaweza kuipinga, lakini unaijua kabla ya mechi ya kwanza.

Mkataba mnono wa Tanzania haukuiokoa Bodi ya Ligi mwaka 2025. Mechi ya watani wa jadi, Yanga na Simba, iliyopangwa Machi 8, iliahirishwa siku yenyewe baada ya Simba kulalamika kwamba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kuamkia mchezo. Yanga walikataa tarehe mpya. Mvutano ulidumu miezi mitatu na ushee, na mechi ilipochezwa Juni 25, mwenyekiti wa Bodi na ofisa mtendaji mkuu wake walikuwa wameshatoka katika nafasi zao. Fedha zilikuwepo na kamera zilikuwepo. Kilichokosekana ni imani ya klabu mbili kubwa kwamba kanuni ingetumika bila kujali ni nani aliyelalamika.

Sasa tuitazame Kongo. Nchi ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, na timu ya Bukavu, OC Muungano au Bukavu Dawa, haiwezi kwenda Lubumbashi wala Kinshasa kwa basi. Inapanda ndege au haichezi. Ndiyo maana ligi yetu imekuwa ikienda na kurudi: mara kanda tatu na hatua ya mwisho, mara kundi moja la nchi nzima, mara makundi mawili. Wengi huona hali hiyo kama kutojua wanachokitaka. Mimi naona maamuzi ya mfumo ambayo hayakutanguliwa na jibu la swali la nauli. Msimu wa 2021–2022 ulikuwa na timu 20 katika kundi moja, maana yake kila timu kusafiri ugenini mara 19. Msimu uliofuata ndio uliokatika kwa uhaba wa fedha, na 2023–2024 ligi ikarudi kwenye makundi. Kupanua kwanza na kutafuta fedha baadaye ni kosa lilelile la Nairobi.

Yapo mambo ambayo hakuna mkuu wa ligi anayepaswa kuyajibu. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha uwanja wa ndege wa Kavumu, jirani na Katana, na Bukavu katikati ya Februari, hakuna ratiba ambayo ingeweza kuzuia hilo. Lakini Kivu haikuanza kujua vita mwaka 2025. Kanuni inayosema timu iliyozingirwa itachezea wapi, nani atalipa, na itashushwa daraja au itahifadhiwa, inaweza kuandikwa wakati wa utulivu. Huo ni upimaji wa haki: tusimwulize kwa nini vita ilikuja, tumwulize kanuni ilisema nini ilipofika.

Kuna pia hatari kwa upande wa walio juu. Mwaka 2022 shirikisho la soka la Afrika, CAF, lilitangaza ligi ya vigogo wa Afrika yenye timu 24. Ilipochezwa mwaka 2023 zilikuwa nane, Mazembe na Simba zikiwamo. Mashindano hayo yalipungua, lakini kishawishi kipo. Klabu inayopata zaidi nje itauliza faida ya kubaki nyumbani, kama USC ilivyouliza. Kiongozi atakayesubiri swali hilo lifike ndipo aanze kutafuta jibu atakuwa amechelewa.

Kwa hiyo, siku Kinshasa itakapotangaza mkataba mpya wa televisheni, tusianze kwa kuuliza ni dola ngapi. Tuulize kwanza klabu zenyewe zimesaini nini kuhusu idadi yao, mgao wao na wajibu wao wa kubaki, na nauli ya timu ya mbali imo katika fungu gani. Mkuu wa ligi akiwa na majibu yaliyoandikwa, mpeni muda hata kama fedha ni kidogo. Akiwa na kiasi kikubwa tu cha kusoma mbele ya waandishi, kazi yake bado haijaanza, na klabu zilizompa kura zina haki ya kumwambia hivyo kabla ya msimu kufunguliwa.