Namba ya Kaboni Haivui Besi

Karibu kila anayetafuta fimbo ya spini kwa uvuvi wa samaki aina ya besi kwa chambo chepesi na mshipi mwembamba, ule ambao Wamarekani na Wajapani huuita finesi, huniuliza swali lilelile: "Hii ni IM ngapi?" Akiambiwa IM6, anairudisha ukutani. Akiambiwa IM8, anauliza bei. Akisikia tani 40, anatoa pochi. Hajauliza fimbo inarusha chambo cha uzito gani, hajauliza inapinda wapi, wala hajaishika ikiwa na rili yake. Swali hili linawapotezea watu pesa na samaki, na wauzaji wanaolijibu bila kulisahihisha wanajua wanachokifanya.

IM6, IM7 na IM8 ni majina ya biashara ya nyuzi za kaboni zinazotengenezwa na Hexcel, kampuni ya Marekani. Si madaraja ya fimbo. Hakuna kipimo cha viwango cha fimbo za kuvulia kinachoitwa IM8. Wapo wanaoandika herufi hizo kwenye fimbo ambayo uzi wake umetoka kwingine kabisa, na mnunuzi hana njia ya kuthibitisha chochote pale dukani.

Tuseme lebo inasema kweli. Hata hapo namba hizo hazipandi kama ngazi. Ugumu wa uzi, yaani jinsi unavyokataa kuvutika, hupimwa kwa gigapaskali. IM6 ina takriban 280. IM7 iko palepale. IM8 ina takriban 310. Kwa hiyo anayelipa zaidi ili atoke IM6 aende IM7 hajanunua ugumu wowote. Wajapani nao huandika tani kwa milimita mraba, na tani 1 ni gigapaskali 9.8. Tani 24 ni kama 235, na tani 30 ni kama 294, yaani chini kidogo ya IM8. Kuna watu wanaoamini kwamba tani 30 inaiacha mbali IM8 kwa sababu 30 ni namba kubwa kuliko 8. Moja ni kipimo, nyingine ni jina la biashara, na kuzilinganisha namna hiyo ni kujidanganya.

Tena, samaki havuliwi kwa uzi wa kaboni. Anavuliwa kwa fimbo, na fimbo ni bomba. Ugumu wa bomba lenye ukuta mwembamba hupanda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu. Ongeza kipenyo maradufu kwa unene uleule wa ukuta, ugumu unapanda karibu mara nane. Sasa piga hesabu. Kutoka IM6 hadi IM8 ugumu wa uzi unaongezeka kwa takriban asilimia 11. Fundi anapata ongezeko hilohilo kwa kulipanua bomba la milimita 10 likawa la milimita 10.4. Kitu mnachokibishania dukani kwa maelfu ya shilingi kimo ndani ya nusu milimita ya kipenyo, na kipenyo hicho hakuna aliyekiuliza.

Chukua fimbo ya kaboni iliyovunjika, ikate kwa msumeno wa meno madogo sentimita chache chini ya mvunjiko, kisha tazama ukuta wake kwa kioo cha kukuzia. Utaona matabaka ya kitambaa cheusi yaliyoviringishwa, na kati yake gundi ya epoksi. Gundi hiyo ni robo hadi theluthi ya uzito wa kitambaa, pengine zaidi, na ugumu wake haufiki hata sehemu moja ya hamsini ya ugumu wa uzi. Tazama pia nyuzi zimelala upande gani. Zinazokwenda kwa urefu ndizo zinazobeba mpindo. Zinazozunguka bomba ndizo zinazolizuia lisibanjuke kama mrija uliokunjwa. Mahali pengi penye mvunjiko utakuta nyufa zinazokwenda kwa urefu wa fimbo: bomba lilibanjuka kwanza, likapasuka baadaye. Mtengenezaji aliyepunguza nyuzi za kuzunguka ili fimbo iwe nyepesi hakuandika hilo kwenye lebo. Aliandika tani.

Hapo ndipo imani hii ya namba kubwa inapogeuka kuwa hasara. Kwa kawaida uzi ukiwa mgumu mno, huvutika kwa kiasi kidogo tu kabla ya kukatika. T700 ya kampuni ya Toray, yenye gigapaskali 230, huvutika kwa karibu asilimia 2.1. M40J ya kampuni hiyohiyo, yenye gigapaskali 377, hufikia karibu asilimia 1.2 tu. Fimbo ya kaboni ngumu mno iliyochubuliwa na jigi (ndoana yenye kichwa cha risasi) iliyoigonga wakati wa kurusha, au iliyoinuliwa wima huku samaki akiwa ubavuni mwa mtumbwi, haikupi onyo. Inalia mara moja, unabaki na vipande viwili. Halafu mwenyewe anasema ameuziwa fimbo mbovu. Fimbo haikuwa mbovu. Ilinunuliwa kwa kigezo kisicho chake.

Je, kaboni ngumu haina faida yoyote? Inayo, na ni moja: inampa fundi stadi nafasi ya kupata ugumu uleule kwa malighafi kidogo, hivyo fimbo ikawa nyepesi na ncha yake ikatulia upesi baada ya kutikiswa. Lakini faida hiyo inapimwa mkononi. Fundi hodari akitumia tani 24 atakupa fimbo bora kuliko fundi mzembe aliyepewa tani 40.

Kinachonikera zaidi ni kwamba watu wananunua namba hiyo wakitafuta hisia, yaani kutambua mkononi samaki anapokigusa chambo, kisha wanafunga rili yenye mshipi wa nailoni. Nailoni huvutika kwa asilimia 20 na zaidi inapobebeshwa mzigo. Mshipi wa kusokota huvutika kwa asilimia chache tu. Besi akimeza chambo chepesi hagongi. Anafungua mdomo, maji yanaingia na chambo kinaingia nayo. Mkononi unachopata ni kwamba uzito wa jigi haupo tena, au mshipi umekuwa mzito kidogo kuliko sekunde iliyopita, au unauona ukisogea kando pale unapogusa maji. Dalili ndogo kiasi hicho ikipita kwenye mita 15 za nailoni iliyolegea, hakuna kaboni duniani itakayoirudisha. Badilisha mshipi kabla hujabadilisha fimbo.

Na jambo moja zaidi kabla sijaliacha duka: acheni kuikandamiza ncha kwenye dari ili "kupima nguvu". Chambo hakiivuti fimbo namna hiyo, na mnaharibu mali atakayoinunua mwenzenu. Fungeni rili, pitisheni mshipi kwenye pete zote, fungeni uzito wa gramu 7, muutazame mpindo. Ncha inatakiwa ishuke kwa utulivu huku nusu ya chini ikibaki imenyooka. Uzito huo ukiipinda fimbo hadi katikati, ni laini mno. Ncha isipojua kwamba kuna kitu, hiyo ni fimbo ya kazi nyingine.

Sasa chaguo lenyewe. Urefu: futi 6 na inchi 10 hadi futi 7 na inchi 2; fupi zaidi kwa mtumbwi mdogo, ndefu zaidi kwa anayerusha mbali. Nguvu: ML (kati ya nyepesi na ya wastani) kwa kazi nyingi, L (nyepesi) kwa maji mangavu yasiyo na vizuizi, M (ya wastani) penye magugu na miti. Mpindo: wa haraka, ulioandikwa F, au wa haraka zaidi, XF, kwa wanaovua wima kwa mtindo wa risasi chini na ndoana juu. Uzito wa chambo: soma maandishi yaliyo juu kidogo ya kishikio, unataka wakia 1/16 hadi 3/8, na ufanye kazi katikati ya mipaka hiyo. Pete: ya kwanza iwe pana na yenye mguu mrefu ili itulize mizunguko ya mshipi unaotoka kwenye rili, zinazofuata ziwe ndogo na nyepesi, maana kila gramu karibu na ncha inaua hisia. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete; kikinasa, pete imepasuka, usinunue. Rili: saizi 2000 au 2500, breki laini, iliyowekwa ianze kutoa kwenye robo ya nguvu ya mshipi dhaifu kuliko yote iliyofungwa. Mizani: fimbo ikiwa na rili ikae sawa kwenye kidole kilicho mbele kidogo ya mguu wa rili. Mshipi: wa kusokota wa pauni 10, ukiungwa na futi 6 hadi 10 za florokaboni ya pauni 6 hadi 8. Kunasa: usiitupe fimbo nyuma kwa nguvu, ndoana ni nyembamba, kwa hiyo zungusha rili hadi mshipi ukaze, kisha egemea.

Kwa wanaovua Naivasha, ambako besi wa mdomo mkubwa aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, nashauri wazi: chukua M ya mpindo wa haraka, na florokaboni ya pauni 10. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 lilizamisha migunga mingi ya ufukweni, na besi wanakaa katikati ya miti hiyo na kwenye kingo za mafunjo. Fimbo ya L itamnasa samaki na kumpoteza kwenye tawi la kwanza. Chambo kiwe plastiki ya inchi 3 ya rangi ya kahawia au nyekundu iliyokolea kwenye jigi ya kichwa cha uyoga, ule mtindo uliopewa jina la Ned Kehde, mwandishi wa uvuvi wa Kansas. Kamba wekundu wa Louisiana wameishi ziwani humo tangu mwaka 1970, na besi wanawajua vizuri. Wenzetu mlioko Minnesota au Texas, kwenye gati na maji mangavu, ML itawatosha mwaka mzima.

Fimbo ya bei ya kati inayotimiza haya yote ipo karibu kila duka la vifaa vya uvuvi. Ichukue, na tofauti ya bei kati yake na ile ya tani 40 nunulia mshipi mzuri wa kusokota, florokaboni na ndoana kali. Hivyo ndivyo vinavyomgusa samaki.