Moyo wenye tundu, na safari ya kutoka Merti

Mtoto wa miezi mitatu anavuta titi mara mbili tatu, analiachia, anahema, paji la uso limelowa jasho. Merti, katika Kaunti ya Isiolo, kuna joto, kila mtu anatoka jasho, nani ashangae? Wiki inayofuata anakohoa na kuandikiwa dawa ya nimonia. Anapata nafuu, kisha inarudi. Ikirudi tena, hakosi jirani wa kushauri akatwe kimio.

Kumbe ni moyo. Duniani, karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, na iliyo ya kawaida sana ni tundu kwenye ukuta wa vyumba vya chini. Dogo mara nyingi hujiziba lenyewe. Kubwa hupeleka damu kupita kiasi mapafuni, ndiyo maana dalili zake hufanana na nimonia. Likiachwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa, na hapo hata daktari bingwa hathubutu kuliziba, maana kuliziba ni kumuua mgonjwa.

Wapo pia watoto ambao kasoro yao huwakosesha oksijeni. Mtoto kama huyu akikimbia kidogo tu huchuchumaa, na wenzake humcheka wakidai ni mvivu. Si uvivu: kuchuchumaa husukuma damu zaidi mapafuni. Ngozi nyeusi huficha ubuluu wa kukosa oksijeni, kwa hiyo tazama ulimi na fizi. Upasuaji wa kwanza wa kuwasaidia watoto hawa ulifanywa Baltimore, Marekani, mwaka 1944. Hii si tiba ya jana.

Upasuaji wenyewe upo Kenya, katika hospitali za Kenyatta na Mater jijini Nairobi, Moi kule Eldoret, Tenwek kule Bomet. Kutoka Isiolo mjini hadi Nairobi ni lami tupu. Shughuli ni kufika Isiolo mjini kutoka Merti au Sericho mvua ikishakata njia. SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hata ikilipa bili ya hospitali, mama bado atatafuta nauli, pa kulala Nairobi, na wa kumchungia mbuzi.

Harambee za upasuaji ni nzuri, lakini mimi ningeanzia kliniki ya chanjo ya wiki 6. Mama huja mwenyewe, na mvumo wa tundu ambao haukusikika siku ya kuzaliwa huwa umeanza kusikika. Muuguzi aweke kifaa cha kusikilizia moyo kifuani, asikilize dakika nzima, amuulize mama kuhusu jasho la wakati wa kunyonya. Kile kifaa cha kubana mguuni kupima oksijeni kinafaa pia, ingawa mara nyingi hakinasi tundu.

Baada ya upasuaji kuna kurudi kupimwa, na wakati huo huenda familia imeshahama kufuata malisho. Nambari ya simu kwenye faili na iwe ya mjomba mwenye duka mjini Isiolo, si ya baba aliye mbugani kusiko na mtandao.