Kompyuta si Kazi Moja



Jumapili iliyopita jirani yangu alibisha hodi akiwa na binti yake, aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati. Binti akaniamkia, nikaitikia. Baba yake, hata kabla hajakaa vizuri, akasema: "Mzee mwenzangu, huyu amefaulu. Anataka kusoma kompyuta. Nimemwambia ajaze kompyuta popote itakapopatikana."

Nikamwuliza: kompyuta ipi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yapi. Lakini binti alikwishaliona tatizo. Mkononi alikuwa na karatasi yenye majina matano ya shahada, na hakuwa na mtu wa kumweleza tofauti zake.

Simlaumu baba yake. Sisi wa rika letu hatukukua na mashine hizi. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Marufuku hiyo ilipolegezwa, wengi wetu tulikwishatoka shuleni. Kwa hiyo kwetu kompyuta ilibaki kuwa neno moja tu. Kwa mtu wa bara, samaki ni samaki. Mvuvi wa Bagamoyo atakuuliza, changu au jodari?

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Basi hebu tutazame kitu kimoja kinachoelea mbele ya macho yetu kila wiki: kununua umeme wa LUKU kwa simu. Unalipa, unaletewa tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, taa zinawaka. Nyuma ya kitendo hicho kidogo wapo wataalamu wa aina tano.

Wa kwanza ni wa uhandisi wa kompyuta. Ndani ya ile mita mna kompyuta ndogo inayozisoma tarakimu zako na kuruhusu umeme upite. Mhandisi huyu husanifu vyombo vya namna hiyo. Masomo yake ni umeme, saketi, fizikia na hisabati, na kazi yake huipata kwenye makampuni ya simu, viwandani na penye mitambo.

Wa pili ni wa sayansi ya kompyuta. Zile tarakimu 20 zimefungwa kwa fumbo la hesabu, zifunguke kwenye mita yako tu na zikatae kwa jirani. Kufikiria mafumbo kama hayo, na njia za haraka za kukokotoa, ndiyo kazi ya mwanasayansi huyu. Hisabati na mantiki humfuata kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Baadaye huandika programu, huchambua takwimu, hufanya utafiti.

Wa tatu ni wa uhandisi wa programu. Jioni moja maelfu ya watu hununua umeme kwa wakati mmoja, na programu haipaswi kuanguka. Huyu hujifunza namna watu wengi wanavyojenga programu moja kubwa, wakaijaribu, na wakairekebisha miaka kumi baadaye bila kuibomoa.

Wa nne ni wa mifumo ya habari. Fedha yako hutoka kwenye simu hadi ikamfikia mwenye umeme, na kila mmoja njiani lazima hesabu zake zilingane. Mtaalamu huyu hukaa na wahasibu na mameneja, akawauliza wanataka nini, kisha akawaeleza watengenezaji. Husoma kompyuta pamoja na uhasibu na uongozi. Mabenki, hospitali na ofisi za Serikali humhitaji.

Wa tano ni wa teknolojia ya habari. Huyu huhakikisha seva zinafanya kazi, mtandao haukatiki na kumbukumbu zina nakala. Ndiye anayepigiwa simu saa nane za usiku.

Mgawanyo huu sikuubuni mimi. Ndio ulioelezwa mwaka 2005 katika mwongozo wa mitaala wa vyama vya wataalamu vya kimataifa, vikiwemo ACM na IEEE. Usalama wa mitandao ulipata mwongozo wake mwaka 2017.

Ni kweli kwamba kazini watu hawa huchanganyika. Aliyesoma mifumo ya habari anaweza kuandika programu nzuri, na mwanasayansi anaweza kuishia kutunza seva. Milango mingi kati ya vyumba hivi haina kufuli. Lakini mmoja unayo, nao ni mlango wa uhandisi. Hapa Tanzania, kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, huwezi kujiita mhandisi usiposajiliwa na Bodi. Neno "uhandisi" kwenye jina la shahada si dhamana ya usajili huo. Anayeutaka aulize Bodi kabla ya kujaza fomu, si siku ya mahafali.

Jirani yangu akaguna. "Basi na aende uhandisi, una heshima."

Hapo ilinibidi niseme jambo nisilopenda kulisema. Mwanangu wa kwanza nilimchagulia mimi. Nililipenda neno mhandisi, nikamjazia uhandisi wa kompyuta. Yeye alitaka kuandika programu, na saketi zilimshinda. Alirudia mwaka mzima, akinyamaza kila aliporudi nyumbani, nami nikidhani ni mvivu. Leo anaandika programu na analipwa kwa kazi hiyo, lakini mwaka ule haurudi. Kosa halikuwa la chuo wala la mtoto. Lilikuwa langu.

Basi nikamwambia binti mambo matatu. Kwanza, usisome jina la shahada. Omba orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, kwa sababu majina hutofautiana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeunganisha uhandisi wa kompyuta na teknolojia ya habari katika shahada moja, ilhali Dodoma uhandisi wa programu unasimama peke yake. Pili, hesabu miaka: uhandisi kwa kawaida ni miaka minne, na shahada nyingine nyingi ni mitatu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo utakuja kukatwa asilimia 15 ya mshahara wako, na mwaka wa ziada nao ni deni. Tatu, mtafute mtu anayeifanya kazi hiyo, umwulize Jumatatu anafanya nini tangu asubuhi hadi jioni. Ukiweza kuivumilia Jumatatu hiyo kwa miaka, hiyo ndiyo yako.

Wengine watasema siku hizi akili mnemba huandika programu yenyewe, ya nini kuhangaika? Inaandika, naam. Lakini lazima awepo anayejua kwamba ilichoandika ni sahihi, na mtu huyo ni yule aliyesoma misingi. Hiyo ni sababu ya kutoikimbia hisabati.

Baba akamgeukia bintiye na, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akamwuliza: "Wewe mwenyewe unataka ipi?"

Binti akaitazama mita yangu ukutani. "Nataka kujua inajuaje kwamba tarakimu ni zake," akasema.

Hilo ni swali la yule wa pili, na kidogo la yule wa kwanza. Bado hajajaza fomu. Ameondoka akaombe zile orodha za masomo, na safari hii baba yake amesema watakwenda pamoja.

Nawe uliye na kijana nyumbani mwenye fomu mkononi, muulize kwanza kabla hujamjazia.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.