Chini ya Mlima Hanang: Nchi Ipitwayo na Wasafiri

Msafiri atokaye Singida kwenda Arusha huuona Mlima Hanang kitambo kirefu kabla hajaufikia, umesimama peke yake juu ya uwanda, kilele chake aghalabu kimevikwa wingu, na haumtoki machoni mpaka basi liupite mji wa Katesh na kushika njia ya Babati. Na kwa wasafiri walio wengi huo ndio mwanzo na mwisho wa maarifa yao ya nchi ile, maadam haraka yao yote ni kufika kwenye majina makubwa, Ngorongoro, Serengeti na Kilimanjaro. Sina neno baya juu ya majina hayo, kwani yamestahili sifa zake na yanaliletea taifa fedha nyingi. Lakini mwananchi wa Afrika Mashariki aliye na siku nne tano za mapumziko na nauli ya basi mfukoni, naye ana shauku ya kuwajua watu anaoishi nao nchi moja, sioni mahali pa kumwelekeza palipo bora kuliko wilaya mbili za Mkoa wa Manyara, Hanang na Mbulu.

Na tuanze na mlima wenyewe. Hanang ni volkano iliyozimika, kimo chake chapita mita 3,400, na milima iliyoushinda kwa urefu katika Tanzania nzima ni michache mno. Njia ijulikanayo zaidi huanzia Jorodom, karibu na Katesh, na mwenye miguu mizuri huweza kupanda na kushuka kwa siku moja ndefu, ingawa mwenye busara hulala njiani. Hupita kwanza katika msitu wenye kivuli na unyevu, kisha miti hupungua kimo mpaka ikawa vichaka, kisha njia hushika mgongo mwembamba wa mlima, na hapo ndipo penye mtihani, kwa kuwa kila kilele mpandaji anachodhani ni cha mwisho hufunua kingine nyuma yake. Huko juu hakuna maji ya kutegemea, basi kila mtu hujichukulia yake tangu chini, na kiongozi wa kienyeji ni wa lazima. Taabu hiyo ina malipo. Upande mmoja ukuta wa Bonde la Ufa umesimama wima, na chini ya ukuta huo limelala Ziwa Balangida, ambalo wakati wa kiangazi maji yake hunywea, likabakiza uwanja mweupe unaoumiza macho kwa mng'aro wa jua. Weupe ule ni riziki: watu wa Gendabi huikwangua chumvi yake, wakairundika, wakaitia katika magunia na kuiuza, kazi ngumu inayochubua mikono na nyayo, nayo mpandaji aliyetulia kileleni huwaona wafanyao kwa mbali mno kama nukta nyeusi juu ya kitambaa.

Mlima huu haukosi msiba wake. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu iliyokwisha kushiba maji ilimeguka, na tope lililochanganyika na mawe na magogo likashuka kwa nguvu juu ya Katesh, Jorodom na Gendabi, likachukua roho za watu zaidi ya 80 na kufukia nyumba, maduka na mifugo. Wengi walidhani volkano imefufuka. Wataalamu wa Serikali wakachunguza na kusema kwamba sivyo. Waliopoteza makazi wakajengewa nyumba mpya upande wa Warret. Naitaja habari hii kwa sababu mgeni apandaye leo huenda akaongozwa na mtu aliyezika ndugu siku zile, na ni adabu ajue ni ardhi gani anayoikanyaga.

Warret lenyewe lina historia ambayo kila apitaye wilaya ya Hanang angepaswa kuisikia. Nyanda zilizo magharibi ya mlima, kuelekea Basotu, zilikuwa tangu zamani malisho ya Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga, wafugaji wenye asili ya Kinaili, ambao jirani zao huwaita Wamang'ati, jina wasilolipenda wengi wao. Katika miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua huko mashamba saba makubwa ya ngano, Warret likiwa mojawapo, na ardhi iliyotwaliwa ilikaribia ekari 100,000. Nia haikuwa mbaya, kwani taifa lilitaka mkate wake lenyewe. Ila ardhi ile ilikuwa ndiyo yenye rutuba na majani mema kuliko zote, na ng'ombe wakakosa pa kukimbilia wakati wa ukame. Wanakijiji wa Mulbadaw wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa haki, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1985.

Lililowachoma Wabarabaig kuliko yote, kwa maneno yao wenyewe, ni makaburi. Anapokufa mzee mwenye heshima, baada ya baraza la ukoo kukubali kwamba anastahili, hujengewa bung'eda, yaani kaburi lililoinuliwa kwa udongo na miti, nalo hupandishwa kidogo kidogo kwa muda wa miezi, huku ndugu na marafiki wakija kutoka mbali na pombe ya asali ikitengenezwa kwa taratibu zake, hata siku ya mwisho ukoo mzima ukusanyike kumsindikiza. Kaburi hilo hubaki kuwa mahali pa kuomba dua na kumkumbuka marehemu kwa vizazi. Trekta zilipoingia, makaburi mengi yalilimwa yakawa sawasawa na ardhi. Yaliyosalia mgeni huweza kuyaona, lakini asiyakaribie pasipo idhini ya ukoo, seuze kuyapanda ili apigwe picha. Baada ya hapo na aende Ziwa Basotu, lililokaa katika shimo la volkano ya kale, lenye maji baridi yasiyo chumvi, wavuvi wake, ndege wengi na viboko, atulize nafsi.

Mbulu ni nchi ya namna nyingine kabisa. Aijiaye kwa upande wa mashariki, kutoka Mbuyu wa Mjerumani, huvuka daraja la Magara kisha akakwea ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona ambazo hata dereva mzoefu hunyamaza anapozipita; na afikapo juu hukuta baridi, ukungu wa asubuhi katika miezi ya Juni na Julai, na vilima vilivyolimwa kwa uangalifu wa ajabu. Waliovilima ni Wairaqw, waitwao pia Wambulu, wenye lugha ya jamii ya Kikushi, ambao wazee wao katika nchi ya asili ya Mama Issara walijifunza kuukinga udongo wa miteremko kwa matuta na kuulisha kwa samadi ya ng'ombe muda mrefu kabla ya bwana shamba wa kikoloni kuja kuwahubiria habari hizo. Walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima na kuzifunika paa la udongo, hata mvamizi aliyekuja kutafuta ng'ombe asione ila majani. Siku hizi zao la fahari la vijiji kama Bashay ni kitunguu saumu, na msimu wa mavuno harufu yake humlaki mtu barabarani. Watu hawa ni wagumu wa shingo kwa maana njema: katika uchaguzi wa mwaka 1960 chama cha TANU kilichukua viti 70 kati ya 71, na kile kimoja kilikuwa cha Mbulu, kilichokwenda kwa Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama peke yake na kumshinda aliyeteuliwa na chama. Na ni Mbulu iliyomzaa John Stephen Akhwari, yule aliyeanguka na kuumia goti katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaingia uwanjani mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, akamaliza.

Magharibi zaidi iko Haydom, yenye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa na Wanorwe katika miaka ya 1950. Simwambii msafiri aifanye hospitali kuwa mahali pa matembezi, lakini barazani pake hutokea jambo ambalo ni nadra duniani: Mwiraqw wa Kikushi, Mdatoga wa Kinaili, Mnyiramba wa Kibantu na Mhadzabe, ambaye lugha yake yenye sauti za kugonga ulimi haijapatiwa ndugu wa hakika popote, wanaweza kukaa juu ya benchi moja wakingoja daktari, na wakasalimiana kwa Kiswahili.

Wahadzabe maskani yao ni Bonde la Yaeda na vilima vinavyolitenga na Ziwa Eyasi. Idadi yao yapita elfu moja kwa kiasi kidogo tu, na baadhi yao hadi leo hutafuta sehemu kubwa ya riziki kwa upinde, mizizi, mabuyu na asali. Lau ningeruhusiwa kumwonyesha mgeni jambo moja tu la nchi hii, ningechagua utafutaji wa asali. Mhadzabe hupiga mluzi, na ndege aitwaye mlembe huja, akalia kwa sauti ya kuchachamaa, akaruka mti hata mti, akitazama nyuma kama anafuatwa, mpaka kwenye mbuyu wenye mzinga wa nyuki. Hapo mtu hupigilia vigingi vya mti katika shina, akavikanyaga kimoja baada ya kingine hadi juu, kijinga cha moshi mkononi, akatoa masega. Mwezi Desemba 2023 wataalamu Claire Spottiswoode na Brian Wood walitangaza katika jarida la Science kwamba walembe wa huko huitikia mluzi wa Kihadzabe mara tatu zaidi kuliko mwito wa Wayao wa Msumbiji, na wale wa Msumbiji huuitikia zaidi mwito wa Wayao, yaani ndege wa kila nchi amejifunza lugha ya wenyeji wake. Tena Wayao humwachia mlembe nta kuwa ujira, ilhali Wahadzabe mara nyingi huichoma au kuificha, ili abaki na njaa na aongoze tena.

Watu wenye elimu namna hii wameonewa huruma isiyowafaa mara nyingi. Katika miaka ya 1960 walikusanywa Yaeda Chini wawe wakulima, maradhi yakawaingia, wengi wakafa, waliosalia wakarudi porini. Mwaka 2007 eneo lao lilikuwa karibu kukabidhiwa kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu, kabla kampuni hiyo haijajitoa. Ndipo mwaka 2011 wakapata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, na tangu hapo msitu wanaoulinda huwaletea fedha za hewa ukaa, zinazolipia karo, matibabu na walinzi wa kijiji.

Kwa hiyo mgeni wa Yaeda aanzie ofisi ya kijiji, si kwa dalali wa mjini. Alipe ada yake kwa stakabadhi, akubali kwamba siku ile huenda hakuna mawindo, na asichukue pombe kuwa zawadi, kwani madhara yake yameonekana kwa Wahadzabe walio karibu na njia za watalii upande wa Mangola. Wakati mwema ni kiangazi, Juni hadi Oktoba, kabla mvua hazijaharibu barabara za udongo. Mabasi ya Haydom yapo kutoka Arusha, na kwa vijiji vya ndani ni vizuri kuulizia siku ya mnada, maana ndiyo siku ambayo magari hayakosekani.