Majengo Yaliyowahi Kupimwa

Wa kwanza katika orodha yangu ni Albrecht Meydenbauer, Mjerumani aliyepewa kazi mwaka 1858 ya kupima kanisa kuu la Wetzlar. Alipokuwa juu kabisa ya jengo aliponea chupuchupu kuanguka. Hapo akaona hakuna haja ya mtu kuning'inia ukutani na utepe, maana picha inaweza kubeba vipimo vilevile. Mwaka 1885 akafungua mjini Berlin taasisi ya kwanza duniani ya kupima majengo kwa picha. Ilikusanya picha zipatazo 20,000, na baada ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia mafundi walizitegemea kujengea upya.

Leo kazi hiyo inafanywa zaidi kwa leza. Mashine husimamishwa juu ya miguu mitatu, ikarusha miale ukutani na kupima inavyorudi, maelfu ya mara kwa sekunde. Kila mwale ukirudi, nukta moja imepatikana. Nukta zenye umaarufu kuliko zote ni zile za Notre-Dame ya Paris, zaidi ya bilioni moja, zilizochukuliwa na mwanahistoria Andrew Tallon mwaka 2010. Alifariki mwaka 2018. Miezi michache baadaye, Aprili 2019, paa likateketea.

Lakini kwangu mimi, taji la kuwahi ni la makaburi ya Kasubi, Kampala. Humo wamelazwa makabaka (wafalme) wanne wa Buganda, ndani ya nyumba ya duara yenye kipenyo cha mita 31 hivi, iliyoezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi. Ukiinua macho ndani yake uliona pete 52 zikizunguka paa, moja kwa kila ukoo wa Baganda. Mwaka 2009 shirika la CyArk lilipeleka mashine zake huko. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba ikaungua. Nyasi, miti na vitambaa vya magome vilikwisha usiku mmoja, vipimo vikabaki. Tuseme ukweli: leza haijui kufunga nyasi wala miiko ya ujenzi ule. Hayo yalibaki kwa wazee wa koo, na bila wao namba zile zisingetosha kuijenga upya nyumba hiyo.

Kwa wingi wa kazi barani Afrika, mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town una nafasi yake ya pekee. Umepima msikiti wa Djenné nchini Mali, unaotajwa kuwa jengo kubwa kuliko yote ya udongo duniani, ambao wenyeji huukandika upya kila mwaka. Umepima pia makanisa ya Lalibela yaliyochongwa kwenye mwamba.

Na umefika Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu, ulioanzishwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14 kwa nguzo na kuba za matumbawe, umo kwenye kumbukumbu zake. Kwa miaka kumi, 2004 hadi 2014, magofu ya Kilwa yalikuwa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, huku bahari ikila ukingo wa kisiwa. Natamani watoto wa Kilwa Masoko wafundishwe hesabu kwa vipimo vya msikiti huo: urefu wa nguzo, upana wa kuba, unene wa kuta.